Rangi Inapovuja: King's Quest Ilivyopaka Picha Zake

Mchezo wa King's Quest, uliotolewa na kampuni ya Sierra ya Marekani mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya IBM PCjr, una mandhari za pikseli 160 kwa 168, kwa rangi 16. Kuhifadhi mandhari moja pikseli baada ya pikseli kungekula baiti 13,440, na mandhari zilikuwa nyingi. Kwa hiyo Sierra hawakuhifadhi picha. Walihifadhi maagizo ya kuichora: chagua rangi, piga mstari, mwaga rangi.

Agizo la kumwaga, ambalo kwenye faili ni baiti F8, hufuatwa na nukta za kuanzia tu. Halijui umbo la ziwa wala la mti. Programu hutazama pikseli ya hapo. Ikiwa nyeupe, huipaka, kisha hukagua jirani zake wanne, juu, chini, kushoto na kulia, na kuendelea hivyo hadi ikutane na kisicho cheupe. Kwa nini si jirani wanane? Kwa sababu mstari wa mshazari ni pikseli zinazogusana kwa pembe tu. Ukiruhusu rangi ipite kwenye pembe, mpaka wote ni pakacha.

Anayejifunza huandika hilo kwa funksheni inayojiita yenyewe kwa kila pikseli. Ni msimbo mfupi, mzuri kuusoma, na kwenye eneo kubwa huiua programu: miito inayosubiri hurundikana kwa maelfu hadi kumbukumbu iliyotengwa iishe. Dawa yake ni kupaka kipande kizima cha mlalo kwa mkupuo mmoja, kisha kukumbuka nukta moja tu kwa kila kipande kilicho wazi juu na chini yake.

Mwenye orodha ya pembe za umbo hahitaji kumwaga kabisa. Kwa kila mlalo atafute kingo zinapokatiza, azipange kutoka kushoto, apake kati ya ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne. Umbo liwe limebonyea vipi, hesabu inashika. Lakini mchoraji wa msitu hana orodha hiyo. Ana mistari inayokutana ovyo, na hapo kumwaga ndiko kunakomfaa.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye mistari. Wapenzi wa michezo ya Sierra walipoandika programu zao za kuzisoma faili zake, haikutosha kupiga mstari ulio sahihi kihesabu. Ulitakiwa uwe uleule wa Sierra. Pikseli moja ikikaa pembeni, ufa hufunguka na buluu ya ziwa hufunika anga. Siri ilikuwa kwenye kukadiria: nusu kamili ya pikseli hupandishwa pale kipimo cha mlalo au cha wima kinapoongezeka kando ya mstari, na hushushwa kinapopungua. Hivyo mstari uliopigwa kutoka kushoto kwenda kulia waweza kupita pikseli tofauti na uleule uliopigwa kinyume chake.