Albamu Inapotimiza Miaka: Kuadhimisha na Kuhakiki

Katika miaka ya karibuni umeenea mtindo wa kuzirejea albamu za hip hop kila zinapotimiza miaka 10, 20 au 25 tangu zitoke. Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Darubini Kali ya Afande Sele wa Morogoro, iliyotoka mwaka 2004. Tumezisoma na kuzisikiliza kumbukumbu kadha wa kadha za namna hiyo, na hatuna ugomvi na nia zake. Hata hivyo, nyingi humpamba msanii, nyingi huhesabu miaka, na chache mno huyagusa maneno yenyewe. Kwa kuwa muziki huu ni kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya jambo jingine lolote, twaona yafaa kuyapima makala hayo kwa upande wa lugha, na hasa kwa istilahi yanazozitumia.

Tuanze na jina la tendo lenyewe. Waandishi husema "kumbukumbu ya albamu", wengine "kumbukizi", na wengi zaidi "maadhimisho". Maneno mawili ya kwanza yamezoeleka zaidi kwa marehemu. Mji wa Morogoro unaijua vizuri desturi hiyo. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyeipigia Morogoro Jazz, akaenda nayo Osaka kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970, kisha akaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, hukumbukwa kwa tarehe aliyofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, yaani 12 Januari 1979. Marehemu Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye wa mji huo huo, hukumbukwa kwa kifo cha mwaka 1965. Hesabu yetu ya zamani ilianzia pale mtu alipoondoka. Hatukuwa na mazoea ya kuuhesabia umri wimbo, seuze kanda nzima.

Mtindo mpya unahesabu kuanzia pale kazi ilipozaliwa, na aghalabu mwenye kazi yu hai. Ndiyo sababu "kumbukizi ya Darubini Kali" hulisumbua sikio: mtu aweza kudhani msiba umetokea. Kwa jambo hili Kiswahili kina kitenzi chepesi na kamili, nacho ni "kutimiza". Albamu imetimiza miaka 20, kama mtoto anavyotimiza. Hapana haja ya kutafuta jina jingine la mbali.

Neno "maadhimisho" lina tatizo la aina nyingine. Kuadhimisha ni kukifanya kitu kiwe adhimu, yaani kukikuza na kukitukuza. Sifa imo ndani ya kitenzi. Mwandishi anayeambiwa na mhariri wake aandike makala ya maadhimisho amekwisha kuamriwa asifu, kabla hajaisikiliza hata nyimbo ya kwanza. Kinyume chake tunalo neno "kuhakiki", lenye asili moja na "haki" na "hakika". Kuhakiki ni kutafuta ukweli wa kitu. Matendo haya mawili yaweza kukaa katika ukurasa mmoja, lakini msomaji hana budi aelezwe ni wapi moja linakoma na jingine linaanza.

Chukua mfano wa "Ndio Mzee", wimbo uliomo katika Machozi, Jasho na Damu. Humo anasema mgombea anayewaahidi wananchi mambo makubwa yasiyowezekana, nao wakiitikia kwa utiifu. Makala ya maadhimisho huuita wimbo wa kuchekesha, au wimbo wa ujumbe, kisha yakaendelea na mengine. Katika uhakiki wa ushairi wetu yapo maneno yenye ukali zaidi. Kwanza, yatupasa kumtenga msanii na msemaji: anayesema "mimi" ndani ya wimbo ule si Joseph Haule, bali ni mtu aliyebuniwa na Joseph Haule. Pili, chombo kilichotumika ni kinaya, yaani kusema jambo ili msikilizaji aelewe kinyume chake. Mtu asiyekuwa na maneno haya mawili, msemaji na kinaya, hawezi kueleza kwa nini wimbo ule unauma huku ukichekesha.

Na hapa ndipo kutimiza miaka kunapoleta faida ambayo waandishi wengi wameipita. Mwaka 2015 msanii huyu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro, akakaa bungeni hadi mwaka 2020. Mwaka huo huo wa 2015 Afande Sele naye aligombea ubunge wa Morogoro Mjini, asifaulu. Kwa hiyo "Ndio Mzee" ya mwaka 2001 ilisikilizwa kama dhihaka ya kijana aliye nje ya mlango. Mwaka 2021 ilisikilizwa kama dhihaka ya mtu aliyekwisha kupanda jukwaa la kampeni yeye mwenyewe, akaomba kura, akaingia na kutoka. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni umbali baina ya msanii na msemaji wake. Je, kinaya kimepungua makali au kimeongezeka? Sisi twaona kimeongezeka, kwa kuwa sasa wimbo unamhoji pia aliyeutunga. Wengine wataona kinyume, na ubishi wa namna hiyo ungekuwa makala ya maana kuliko orodha ya pongezi.

Tupande sasa Morogoro, mji ambao wenyeji wake huuita "mji kasoro bahari". Darubini Kali ni albamu iliyobeba istilahi katika jina lake. Darubini ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya kuona mbali. Wataalamu wa istilahi walipohitaji kutenganisha chombo cha kutazamia vilivyo mbali na kile cha kukuzia vilivyo vidogo, walikiachia cha kwanza jina la darubini na kukipa cha pili jina la hadubini. Mitaani darubini iliendelea kufanya kazi zote mbili, na katika jina la albamu hii hatuoni kosa: msanii anadai kuona mbali na kuona ndani kwa wakati mmoja. Neno "kali" nalo lina sura mbili, ukali wa jicho na ule ukali wa mitaani wenye maana ya ubora. Jina la maneno mawili tu, na kila neno lina maana mbili. Katika makala tulizosoma hatukukuta hata sentensi moja juu ya jina hili.

Vivyo hivyo kwa "Watu Pori", jina la kundi la Afande Sele na vijana wenzake wa Morogoro, akiwamo Ditto. Wapo wanaolisahihisha liwe "watu wa porini". Hawana haja. Kiswahili huunganisha nomino na nomino bila ya kihusishi pale kinapotaka kumpa mtu sifa ya kudumu: tunasema askari kanzu, wala hatusemi askari wa kanzu. Mtu wa porini leo yuko porini na kesho aweza kuhamia mjini. Mtu pori ni pori popote aendapo, hata akiwa studio Dar es Salaam. Vijana wa mji ulio chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, walikuwa wakiitwa washamba na wenzao wa pwani, nao wakalichukua tusi na kulifanya cheo. (Hao wenzao, kwa taarifa, hunywa maji ya mto Ruvu, ambao chanzo chake kimo katika milima hiyo hiyo.)

Jambo lililotusukuma hasa kuandika ni taji. Mwaka 2004 Afande Sele alishinda shindano la kumtafuta "Mfalme wa Rhymes", na taji hilo limerudiwa katika kila makala ya albamu yake. Wasomaji wetu wengi watauliza mara moja: kwa nini asiwe Mfalme wa Vina? Swali ni la haki, lakini jibu si uvivu mtupu wa waandaaji.

Kina, katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, ni silabi moja ya mwisho wa kipande, nayo huenda sambamba na mizani. Shairi la mizani 16 lina kina cha kati katika mizani ya 8 na kina cha mwisho katika ile ya 16. Wasomaji wanaukumbuka mgogoro wa miaka ya 1970, baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Upande mmoja ulisema pasipo vina na mizani hapana shairi. Upande wa pili ukasema vyote viwili vyaweza kuachwa. Vijana wa hip hop wa miaka ya 1990 walipita njia ambayo pande zote mbili hazikuitazamia. Mizani waliitupa, wakaweka mapigo ya muziki mahali pake. Vina wakavishika, tena wakavizidisha. Mstari wao waweza kuwa na silabi 9 na unaofuata 17, mradi yote miwili iingie ndani ya mapigo yale yale.

Vina vyenyewe navyo vikabadilika. Kwa kanuni ya zamani, "neema" na "kilima" yametosheleza, kwa kuwa yote huishia kwa "ma". Mghani wa hip hop haridhiki na hayo. Yeye atataka "kilima" na "tulilima", yanayokutana katika silabi mbili, na ile ya kwanza yake ndiyo inayobeba mkazo. Maadamu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maadamu pigo la ngoma hupenda kuangukia mkazo, kina cha silabi moja hupotea chini ya ngoma, ilhali kile kinachoanzia kwenye mkazo husikika. Hapa kuna tofauti ya kweli, na huenda ndiyo iliyowafanya vijana wahisi kwamba "vina" halikuwa neno lao. Tunapendekeza basi istilahi mbili: "kina cha mwisho" kwa kile cha silabi moja, na "kina cha mkazo" kwa kile kinachoanzia kwenye silabi yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho. Kwa istilahi hizo mtu ataweza kuonyesha ni kwa nini Afande Sele alistahili taji, badala ya kurudia tu kwamba alilitwaa.

Kuhusu neno "klasiki", ambalo limejaa katika makala hayo, hatuna mengi. Laonekana kumaanisha lolote ambalo mwandishi alilipenda alipokuwa shuleni. "Kongwe" hutaja umri tu. "Zilipendwa", neno tulilowapa akina Mbaraka, lina kasoro ya njeo: kiambishi "-li-" kimekwisha kuamua kwamba mapenzi yamepita, na mtu yeyote aliyekaa katika baa ya Morogoro Jumapili jioni anajua kwamba hayajapita. Kwa albamu ambayo wengine wameifanya kigezo, twaonelea "albamu kielelezo", kwa muundo ule ule wa askari kanzu na watu pori. Lakini neno hilo lidai ushahidi: kielelezo cha nini, na nani amekifuata? Akitajwa Stamina, mghani wa Morogoro wa kizazi kilichofuata, ionyeshwe ni mbinu gani aliyoirithi.

Wapo waliotushauri kwamba albamu yenyewe iitwe "diwani", kwa kuwa ni mkusanyo wa tungo za mtu mmoja. Shauri hili latuvutia lakini hatulikubali. Diwani hukusanya mashairi yaliyokwisha kutungwa kwa nyakati mbalimbali, ilhali albamu ya siku za kanda ilipangwa: ilikuwa na upande wa kwanza na wa pili, na wimbo wa kufungulia upande wa pili ulichaguliwa kwa makusudi. Isitoshe, diwani ni mjumbe wa halmashauri pia, na kwa wasanii wenye hamu ya siasa kama hawa utani ungezidi. "Albamu" ibaki.

Limebaki jambo zito kuliko majina. Illmatic ya Nas, ya mwaka 1994, ilipotimiza miaka 10 ilitolewa upya mwaka 2004, mwaka ule ule wa Darubini Kali. Ilipotimiza miaka 20 ikatolewa tena mwaka 2014, pamoja na filamu ya historia yake. Huko kumbukumbu huja na kitu mkononi. Kwetu hubaki maneno matupu, na kanda zenyewe zinazidi kuchakaa katika makabati. Nyimbo zinazopatikana leo katika simu zimetawanyika moja moja, pasipo mpangilio wa pande mbili. Maandishi ya maneno yake ni haba, na maneno mengi ya mitaani ya wakati ule, ambayo kijana wa miaka 20 leo huyasikia kama fumbo, hayamo katika kamusi. Kwa mtunga kamusi, albamu yenye mwaka unaojulikana ni ushahidi wa thamani kubwa: inaonyesha kwamba neno fulani, kwa maana fulani, lilikuwa midomoni mwa watu si baada ya mwaka 2004. Tunawaomba basi waandishi wa magazeti, kila albamu inapotimiza miaka, waanze na kazi tatu: kuandika maneno ya walau wimbo mmoja mzima kwa idhini ya mwenyewe, kutaja mpangilio wa asili wa nyimbo, na kumwuliza msanii, maadamu yu hai, maana za maneno yake. Pongezi ziandikwe baada ya hapo, zikibakiwa na nafasi.

Lipo neno moja ambalo hatujaliamua, nalo tunalileta kwa wasomaji. Sehemu inayorudiwa katika wimbo wa hip hop aghalabu huimbwa na mtu wa pili, kama ambavyo Ditto alikuwa sauti ya kuimba miongoni mwa waghani. Kibwagizo cha shairi husemwa na mshairi mwenyewe. Kiitikio cha ngoma huitikiwa na watu wote. Hii si ya mshairi wala si ya wote. Wenye maoni juu ya jina lake watuandikie kabla ya toleo lijalo.