Bweni la Tabora na Suala la Vina
Wapo washairi wa pwani wanaoilaumu tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka 1963, kwa kuwa haina vina. Ati bweni la Tabora, alikosoma 1937 hadi 1942, lilimlea kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifika huko na misafara ya Bagamoyo kikiwa lugha ya biashara, si ya tenzi. Lakini vina havikumshinda: Tenzi za Biblia, zilizochapishwa 1996, ni ushahidi. Hapa alichagua kumfuata Shakespeare. Mimi mfasiri, mpenda vina, nakiri: lau Mark Antony angalihutubia mbele ya maiti ya Kaizari kwa vina, umati ungalimtuza malenga, usingaliondoka kwenda kuchoma nyumba.