Nimeiona Yuglena!

Hadubini imefika leo saa nane mchana, na sasa ni usiku wa manane nami bado sijaiacha. Vile vioo vya sampuli vilivyokuja nayo sijavigusa. Nilikwenda moja kwa moja lamboni, pale ng'ombe wanapokunywa na kujisaidia humo humo, nikachota kwenye utando wa kijani ambao kila mtu huusukuma pembeni kabla ya kujaza ndoo. Tone moja juu ya kioo, kifuniko, lenzi ya kukuza mara 400. Jamani!

Yuglena, na si moja wala mbili. Zimejaa kila pembe, kijani kibichi, zinapita zikijizungusha kama keke ya seremala. Kila moja ni seli moja tu. Nyingi nilizoziona zina urefu wa mikromita 50 hivi, yaani 20 zikipangwa mstari mmoja ndipo zifike milimita moja. Na katika mwili huo mna mjeledi wa kuogelea, mna kijani cha kutengenezea chakula kwa nguvu za jua, na mna doa jekundu, jekundu kweli kweli! Kwa ajili ya doa hilo Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg aliipa jina la Euglena mwaka 1830, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya jicho zuri. Doa lenyewe halioni. Kazi yake ni kutia kivuli kwenye kinundu kinachohisi mwanga, kilichoko shinani mwa mjeledi. Seli ikijizungusha, kivuli huja na kuondoka, nayo hujua jua liko upande gani.

Lakini kilichoniinua kitini ni mwendo wake inapobanwa. Moja ilikwama kati ya punje mbili za mchanga, ikaacha kuogelea, ikaanza kujiminya: ikavimba mbele, uvimbe ukahamia katikati, ukashuka hadi mkiani kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha ikarefuka upya na kupenya! Yuglena haina ukuta mgumu kama seli za mimea. Chini ya utando wake kuna tepe za protini zinazouzunguka mwili kama ukili unavyozungushwa kushona mkeka, na tepe hizo huteleza, moja ikisuguana na jirani yake. Kwa mwendo huo pekee, hadubini imeshalipa bei yake.

Nikasogeza kioo, na ndugu zake wakaanza kujitokeza. Fakusi ni bapa kama jani, ina kimkia chenye ncha, na haijiminyi hata kidogo. Leposinklisi, ndefu kama sindano. Na trakelomonasi! Hii hujijengea mtungi, mtungi hasa wenye mdomo, uliogeuka rangi ya udongo uliochomwa kwa sababu ya chuma na manganizi, na mjeledi unachungulia nje. Nimeutazama mmoja nusu saa nzima.

Wengi wa ukoo huu hupenda maji yaliyotulia yenye mbolea: malambo, mabwawa ya samaki, mitaro. Wapo wakaidi pia. Euglena mutabilis huishi kwenye maji ya asidi yanayotoka migodini. Euglena sanguinea hugeuza uso wa bwawa mwekundu kama damu, na mfugaji wa samaki auonapo wekundu huo asiupuuze, maana mwani huu unaweza kutoa sumu inayoua samaki.

Na kuna hili linaloninyima usingizi: binamu wa yuglena ni tripanosoma, kimelea cha malale kinachobebwa na mbung'o! Ukijani wa yuglena haukuwa wake tangu mwanzo. Zamani sana wazee wake walimeza mwani wa kijani, wakaufuga ndani badala ya kuumaliza. Hadi leo Euglena gracilis ikifungiwa gizani hupoteza rangi na kuishi kwa chakula kilichoyeyuka majini. Irudishe kwenye mwanga, nayo hurudia ukijani wake.

Mwalimu mwenye hadubini iliyofungiwa kabatini, itoe kesho. Chota penye utando, si penye maji maangavu, acha kichupa wazi karibu na dirisha, na uwaache wanafunzi watazame bila haraka.