Riwaya ya Mwisho ya Iris Murdoch na Mwanzo wa Kusahau

Iris Murdoch, aliyezaliwa Dublin mwaka 1919, alikuwa na umri wa miaka 76 ilipotoka riwaya yake ya mwisho, Jackson's Dilemma, mwaka 1995. Mwaka 1997 waganga walitambua kuwa ameshikwa na maradhi ya Alzheimer, naye akafariki Februari 1999. Tangu hapo kitabu hicho kimesomwa zaidi na wenye kutafuta dalili kuliko wenye kutafuta hadithi.

Uchunguzi ulio mashuhuri ni wa Peter Garrard na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Waliilinganisha riwaya hiyo na mbili za awali, ya mwaka 1954 na ya mwaka 1978, wakaona kuwa msamiati umepungua na maneno mengi ni yale ya kila siku. Bali muundo wa sentensi ulikuwa haujavunjika. Matokeo hayo yafaa kukubaliwa. Kasoro imo katika kusomwa kwake, kana kwamba upungufu ndio habari yote. Mwandishi aliyepungukiwa na maneno, akaendelea kusimamisha sentensi kwa yale yaliyombakia hata akatimiza kitabu kizima, hakuwa akiugua tu. Alikuwa akifanya kazi. Neno la kawaida lilisimama mahali pa lile lililotoweka, na sarufi, yaelekea kwa mazoea ya miaka mingi, ikabeba mzigo.

Mumewe, John Bayley, alieleza maradhi hayo katika Iris (1998), mkewe angali hai. Ni kitabu chenye upendo, na habari za kuogelea kwao mtoni, desturi yao ya tangu zamani, zimesimuliwa vizuri sana. Lakini humo mgonjwa hutazamwa. Si yeye asemaye. Wengi wamemjua Murdoch wa uzeeni kwa kitabu hicho, au kwa filamu ya mwaka 2001, ilhali shahidi wa karibu zaidi ni riwaya yake mwenyewe.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Isemwapo kuwa mzee amepiswa, jambo huwa limekwisha. Kitenzi hicho hakimpi nafasi mtu anayesahau huku akijua kuwa anasahau, naye akitafuta njia ya kulizunguka pengo. Mfasiri wa Bayley atakayekitumia tangu ukurasa wa kwanza atamnyima Murdoch miaka ile ambayo riwaya iliandikwa. Kwa miaka hiyo, "anapotewa na maneno" ingefaa zaidi, na "kupiswa" kungojee sura za mwisho, ikiwa kutahitajika kabisa.