Umenunua Programu, au Ruhusa ya Kuipakua?

Nikiwa katikati ya tasnifu ya uzamili nilinunua programu ya kuchambua takwimu mtandaoni. Nililipa kwa kadi, na baada ya dakika mbili barua pepe ikaingia: namba ya leseni na kiungo cha kupakua. Hakuna boksi, hakuna sidii. Nikafurahi, maana kusubiri kifurushi posta mie siwezi.

Miezi minane baadaye diski ya kompyuta ikafa. Kurudi kwenye kile kiungo, naambiwa kilikwisha muda wake siku 30 baada ya malipo. Kampuni ikanijibu kwa upole kabisa kwamba, kama siku ile ningelipia na "huduma ya kupakua tena", ningesaidiwa.

Wauzaji hutuambia kupakua na kupewa diski ni kitu kilekile, kilichobadilika ni usafiri tu. Wewe unakubali? Mimi nakubali nusu.

Kwa upande wa data, wako sahihi. Sidii ni sahani ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 120, ina vishimo vidogo mno vinavyosomwa kwa mwanga wa leza, na hubeba megabaiti 700 hivi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Biti zilizomo ni zilezile zinazokufikia kwa intaneti. Tena diski ikichubuka sana inagoma, na laptopu nyingi za sasa hazina hata pa kuiingizia. Faili la kupakua lina faida nyingine: unaweza kulikagua. Kanuni iitwayo SHA-256 hulisoma faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja tu ikibadilika, mfuatano wote unakuwa mwingine. Muuzaji akitangaza wa kwake, unalinganisha na kujua kama faili limefika zima.

Usafiri wenyewe sasa unaulipia wewe. Gigabaiti 4.7 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa mbili, kama mtandao haukatiki (haya, cheka). Bando ni lako, na sijaona bei ikipunguzwa kwa sababu hiyo.

Ila kinachoniuma zaidi ni kushika. Tusidanganyane kwamba diski ilikupa umiliki wote. Mwaka 2010, katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, mahakama ya rufaa huko Marekani ilisema aliyepewa AutoCAD kwenye diski kwa masharti yale alikuwa na leseni tu, hakuwa mmiliki wa nakala. Ulaya wakaenda kinyume: tarehe 3 Julai 2012, kwenye kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo imeuzwa kweli, na mnunuzi anaweza kuiuza tena mradi nakala yake aiondoe.

Kwa hiyo plastiki siyo hoja. Diski inayodai kuthibitishwa na seva ya kampuni kila ukiisakinisha haina tofauti na kiungo changu, seva ikizimwa imekwisha. Na faili ulilopakua likasakinishwa bila kumuuliza mtu ni lako kama ilivyokuwa diski. California wameuona mpaka huo: tangu Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kuandika "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unapata leseni, isipokuwa kama bidhaa unaweza kuipakua ikabaki kwako moja kwa moja na yeye hawezi kukunyang'anya.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, uliza basi: faili la kusakinisha naweza kulihifadhi? Linafanya kazi bila intaneti? Nikibadilisha kompyuta, je? Jibu likiwa zuri, lipakue siku hiyohiyo, likague, nakili kwenye flashi mbili. Mimi sikunakili hata kwenye moja, na hilo ni kosa langu, siyo la kampuni.

Sikulipa mara ya pili. Sura zilizobaki nilizifanya kwa R, ambayo ni ya bure. Grafu za sura ya nne zina rangi tofauti na za sura ya tatu, na mtahini aliuliza kwa nini.