Uliza Maji Yana Joto Gani

Fundi anayekuja kukuuzia mfumo wa kupasha nyumba joto nchini Uingereza huanza na boila. Atakutajia kampuni iliyoitengeneza, miaka ya dhamana, na jinsi utakavyoiwasha kwa simu ukiwa bado kwenye basi. Mpe kiti, mwandalie chai, kisha muulize: asubuhi ya baridi kali kuliko zote za mwaka, maji yatakuwa na nyuzi joto ngapi yakitoka kwenye boila kwenda vyumbani? Akijibu 75 au 80 papo hapo, muage kwa heshima. Akisema hawezi kujibu kabla ya kupima vyumba, huyo ndiye wa kumwongezea kikombe cha pili.

Nawaandikia ndugu zetu walionunua nyumba Leicester, Reading au Glasgow, ambako maji moto yanayozunguka kwenye mabomba ndiyo njia ya kawaida ya kupasha nyumba. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Ndiyo maana bomba la milimita 15 lililojificha chini ya mbao za sakafu linaweza kutosheleza vyumba kadhaa. Ubora wa mfumo huu hupimwa kwa upole wa maji yake. Nyumba inayopata joto la kutosha kwa maji ya uvuguvugu ina radieta za kutosha, mabomba ya kutosha, na fundi aliyepiga hesabu. Inayodai maji ya kuunguza ina kasoro mahali, na ule moto mkali ndio unaoifunika kasoro hiyo mpaka bili ije.

Gesi inapoungua hutoa mvuke, na mvuke umebeba joto. Tangu 2005, karibu kila boila mpya ya gesi inayofungwa England imeundwa kuunasa mvuke huo na kuugeuza maji, ili joto lake libaki ndani. Kile kibomba cha plastiki kinachotoka chini ya boila kwenda kwenye mtaro ni cha matone hayo. Lakini mvuke haugeuki maji mpaka ukutane na kitu cha baridi kiasi, na kitu hicho ni maji yanayorudi kutoka vyumbani. Yakirudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, kazi huanza. Kadiri yanavyozidi kupoa, ndivyo joto linalookolewa linavyoongezeka. Yakirudi na nyuzi 65, mvuke unatoka nje kama ulivyo, na kila ulicholipia kwenye boila ya kisasa kinaondoka nao. Kanuni za ujenzi za England zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka mfumo mpya, au uliobadilishwa wote, usanifiwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Itaje kanuni hiyo mbele ya fundi na uangalie uso wake.

Kwa pampu ya joto, ile inayochota joto kutoka hewa ya nje, upole wa maji ndio kila kitu. Mashine nzuri ikipeleka maji ya nyuzi 35 hadi 45 huweza kurudisha uniti tatu au zaidi za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Ukiilazimisha ifike 60, faida inayeyuka. Ruzuku ya serikali kwa pampu hizi ilipandishwa hadi pauni 7,500 Oktoba 2023 kwa England na Wales, nayo imevuta mafundi wa kila namna. Pampu iliyofungwa kwenye radieta zile zile ndogo za zamani bila hesabu itakula faida ya ruzuku hiyo kupitia bili za umeme.

Hesabu yenyewe haina siri. Fundi hupita chumba kwa chumba na futikamba au kipimo cha miale, anaandika ukubwa wa kuta, madirisha, dari na sakafu, anauliza ukuta umejengwaje, anakadiria hewa inayopenya. Kisha anakokotoa: ili sebule ibaki nyuzi 21 wakati nje ni 3 chini ya sifuri, zinahitajika wati ngapi? Kazi hii huchukua saa nzima na zaidi. Aliyesimama mlangoni, akahesabu radieta kwa kidole na kusema "utahitaji kilowati 30" hajapima nyumba yako. Nyumba ya vyumba vitatu iliyoungana na jirani upande mmoja mara nyingi hupoteza kilowati 5 hadi 8 tu siku ya baridi kali. Zile 30 ni za maji ya kuoga, kwa boila isiyokuwa na tenki, na hapo zina haki yake. Kwa hiyo uliza pia boila hiyo inaweza kujishusha hadi wapi. Isiyoweza kushuka chini ya kilowati 6 itakuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, siku zote za Oktoba na Aprili, na vipuri vyake vitachakaa mapema.

Sasa radieta. Namba iliyoandikwa kwenye katalogi hudhani kwamba maji ndani yake yana wastani wa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Maji yakishuka mpaka wastani uwe nyuzi 30 tu juu ya chumba, radieta iliyouzwa kama ya wati 1,000 itatoa takriban 500. Hilo ndilo linalowafanya mafundi wavivu wapandishe moto. Mjuzi huongeza radieta badala yake: anaondoa ile ya bamba moja, aina ya 11, anaweka ya mabamba mawili yenye mapezi mawili kati yake, aina ya 22, kwa urefu na kimo kile kile. Inatokeza ndani ya chumba kwa sentimita chache zaidi, nami naona ni bei ndogo kwa nyumba tulivu. Pazia refu la kufika chini, tunalolipenda sana kwenye sebule zetu, likifunika radieta iliyo chini ya dirisha, joto lote linapanda kupasha kioo. Likate liishie kwenye kizingiti cha dirisha.

Mabomba hayaonekani, ndiyo maana watu hudanganywa. Kuna nyumba, hasa za miaka ya 1970, zilizotandaziwa vibomba vya shaba vya milimita 8 au 10. Kwa boila vilitosha. Kwa pampu ya joto, ambayo hupitisha maji mengi zaidi kwa kubeba joto lile lile, vinabana. Shina la mabomba ya pampu kwa kawaida litakuwa la milimita 22 au 28. Fundi asiyeinua hata ubao mmoja wa sakafu kabla ya kukupa bei anabahatisha.

Mabomba chini ya sakafu nayasifu, ila kwa nyumba inayojengwa upya au chumba kinachoongezwa. Kwa nyumba kongwe ya matofali iliyokaliwa na watu, napendelea radieta kubwa: hupasha upesi, na hakuna kuvunja sakafu. Ukiamua sakafu, njoo siku ya kumwaga zege na uwe na macho. Chini ya mabomba kuwe na tabaka nene la kuzuia joto lisishuke ardhini, na ukanda wa povu pembezoni kote. Mabomba ya plastiki ya milimita 16 yapangwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 20, kila mzunguko usizidi mita 100 hivi, na pasiwe na kiungo hata kimoja kitakachozikwa. Huko Levittown, New York, maelfu ya nyumba za baada ya Vita vya Pili zilizikiwa mabomba ya shaba kwenye zege, na mengi yalikuja kuvuja. Geji ya presha iwe imefungwa na mabomba yajae maji yenye shinikizo wakati zege linamwagwa. Msumari au koleo likitoboa, sindano itashuka mbele ya macho yenu. Zege la saruji lisipashwe kabla ya siku 21. Uso wa sakafu hauhitaji kuzidi nyuzi 29, na marumaru hupitisha joto vizuri. Mazulia mazito juu ya mazulia yatazima kazi yote.

Mfumo ukishawashwa, mkono wako ni kipimo kizuri. Radieta ya moto chini na baridi juu ina hewa, ifungulie koki. Ya moto juu na baridi chini katikati imejaa tope jeusi la kutu. Radieta za karibu na boila zikiunguza huku ya chumba cha mwisho ni baridi, mfumo haujasawazishwa: kila radieta ina valvu ya pili, ile yenye kofia isiyozungushwa kwa mkono, na fundi alipaswa kuibana moja baada ya nyingine mpaka maji yagawanyike kwa haki. Ni kazi ya subira, haionekani kwenye picha, na ndiyo wengi huiruka. Sikiliza pia. Maji yanayonguruma au kupiga mluzi kwenye valvu yanasukumwa na pampu ya kuzungusha maji iliyowekwa kasi kupita kiasi.

Maji yenyewe yatunzwe: mabomba ya zamani yasafishwe kabla ya kufunga mashine mpya, iwekwe dawa ya kuzuia kutu, na chujio la sumaku kwenye bomba linalorudi. Presha, mfumo ukiwa baridi, isimame kati ya bari 1 na 1.5. Ukiwa unaongeza maji kila wiki, kuna mahali panavuja, na kila maji mapya yanaleta oksijeni mpya ya kula chuma.

Tuliokulia Mombasa au Dar es Salaam tuna desturi ya kuwasha mpaka mwisho tukihisi baridi, kisha kuzima. Mfumo bora unataka kinyume chake. Fundi aweke kipima joto nje, kwenye ukuta wa kaskazini usiopigwa na jua wala hewa ya dirisha, ili maji yapande joto nje kunapopoa na kushuka kunapopata joto. Uache uende taratibu mchana kutwa. Tenki la maji ya kuoga ni habari nyingine: hilo lihifadhi nyuzi 60 kwa sababu ya vijidudu vya legionela, wala usikubali lishushwe kwa kisingizio cha kuokoa gesi.

Kwa kazi ya gesi, dai kadi ya Gas Safe, sajili ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Geuza nyuma usome ni kazi gani ameruhusiwa. Na katika mkataba andikeni kwamba salio halilipwi mpaka akukabidhi karatasi ya hesabu ya kila chumba, joto la maji alilosanifu, na vipimo vya maji ya kwenda na ya kurudi alivyovisoma mfumo ukifanya kazi.