Hesabu Vitenzi Kwanza: Jinsi Sekondari za China Zinavyokifungua Kiingereza

Kila mwaka, Juni 8 saa tisa alasiri, mamilioni ya vijana wa China huinamia karatasi ya Kiingereza kwa saa mbili. Ni sehemu ya gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ambao mwaka 2025 ulikuwa na watahiniwa milioni 13.35 waliojiandikisha. Lugha ya kigeni ina alama 150 kati ya 750, sawa kabisa na hisabati na sawa na Kichina chenyewe. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua Kijapani, Kirusi na lugha nyingine chache, lakini walio wengi mno huchagua Kiingereza.

Uzito huo haukuja siku moja. Gaokao iliporudishwa mwaka 1977 baada ya Mapinduzi ya Utamaduni, walimu wa Kiingereza walikuwa haba, na lugha ya kigeni ililazimika kuingizwa polepole. Mwaka 1978 alama zake zilitazamwa tu bila kujumlishwa. Mwaka 1979 zilihesabiwa asilimia 10, kisha 30, 50, 70, hadi 1983 zikahesabiwa zote. Tangu hapo hakuna mzazi wa mjini wala wa kijijini aliyethubutu kulipuuza somo hilo.

Msomaji wa Tanzania akumbuke tofauti moja kubwa. Mtoto wetu akiingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza katika baiolojia, jiografia na hesabu, apende asipende. Mchina husoma masomo hayo yote kwa Kichina. Kiingereza kwake kinaishi ndani ya kipindi cha Kiingereza na kazi ya nyumbani. Akitoka darasani ni nadra kumsikia mtu akikisema. Hivyo kila kitu kinapaswa kupatikana katika dirisha dogo, na dirisha hilo ndilo lililowafanya walimu wake wawe mafundi wa mbinu. Mbinu zao za sarufi nazistahi sana. Za msamiati nina shaka nazo kiasi.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiko kwenye ufundi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Jana, leo na kesho ni kilekile, na wakati hueleweka kutokana na maneno ya pembeni au vijineno kama le. Nomino kwa kawaida haionyeshi umoja wala wingi. Hakuna a, hakuna the. Katika matamshi, yeye wa kiume na yeye wa kike ni tā mmoja, na hapo Mswahili atamwonea huruma Mchina, maana naye mara nyingi humwita mama yake he ulimi ukiteleza. Lakini kuna mahali sisi tuna nafuu. Tunasema "kitabu nilichonunua jana": nomino mbele, kishazi nyuma, mpangilio uleule wa Kiingereza. Mchina huanza na kishazi chote, yaani mimi-jana-nunua, akaweka kijineno de, ndipo akafikia kitabu. Kila kishazi rejeshi cha Kiingereza kwake ni sentensi iliyogeuzwa kichwa chini, na kikiwa kirefu humpotezea mwelekeo kabla hajakifikia kitenzi kikuu.

Dawa waliyoipata walimu ni kutomwambia mwanafunzi "isikilize sentensi kama inasikika vizuri." Haiwezi kusikika vizuri kwa mtu ambaye hajaisikia maishani. Badala yake humpa utaratibu wa kukagua. Katika mtihani kuna kifungu kifupi chenye mapengo 10, kila pengo alama 1.5. Mengi yamepewa neno la msingi ambalo mtahiniwa hulibadilisha umbo, na machache hayakupewa kitu, humo huingia kihusishi, kiunganishi au a na the. Nimetunga mfano wa namna hiyo kuhusu daraja la mawe la Zhaozhou, ambalo fundi Li Chun alilijenga kati ya mwaka 595 na 605:

The Zhaozhou Bridge, ____ more than 1,400 years ago, still ____ in Hebei, where it ____ visitors from all over the country.

Maneno yaliyotolewa ni build, stand na attract. Mwanafunzi aliyefundwa hakimbilii kutafsiri. Kwanza huhesabu vitenzi: vitatu. Pili huhesabu viunganishi vya vishazi: kimoja tu, where. Kanuni anayoijua kwa moyo inasema idadi ya vitenzi vyenye njeo ni idadi ya viunganishi kuongeza moja. Kiunganishi kimoja, basi vitenzi viwili tu ndivyo vinavyoweza kubeba njeo. Vipo vitatu. Kimoja lazima kivuliwe njeo.

Kipi? Hutazama mahali. Build imebanwa kati ya alama mbili za mkato, nyuma ya nomino, haina kiunganishi chake, wala haina mtenda aliyesimama mbele yake peke yake. Hiyo ndiyo ya kuvuliwa. Sasa swali linalofuata: daraja linajenga au linajengwa? Linajengwa, kwa hiyo built. Lingekuwa linajenga, jibu lingekuwa building. Ingekuwa kusudi la jambo ambalo bado halijafanyika, ingekuwa to build. Stand na attract zilizobaki zina njeo. Daraja ni moja na jambo ni la sasa, hivyo stands na attracts. Hakuna hatua hata moja iliyohitaji "kuhisi" Kiingereza.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inatibu na maradhi mengine. Kichina hupenda kuunganisha pande zote mbili: suīrán mwanzoni, dànshì katikati, kama sisi tunavyosema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika." Mchina akihamishia mazoea hayo, huandika although na but katika sentensi moja. Mwalimu hana haja ya kulaumu mazoea. Humwambia ahesabu: vitenzi viwili, viunganishi viwili, kimoja kimezidi, kifutwe. Hali ni hiyohiyo kwa because na so. Walimu wetu wanaosahihisha insha za kidato cha pili kwa wino mwekundu bila kutoa sababu wangefaidika na hesabu hii kesho asubuhi.

Kanuni ina mashimo, na walimu wazuri huyaonyesha mapema. The man I met yesterday is a doctor ina vitenzi viwili vyenye njeo na hakuna kiunganishi kinachoonekana, kwa sababu Kiingereza kimekificha. Basi hufundishwa dalili: ukiona nomino imefuatwa na kiwakilishi bila mkato wala neno la kuviunganisha, the man I, shuku kwamba kuna kiunganishi kilichodondoshwa hapo, kihesabu. And nayo huweza kuunganisha vitenzi viwili vya mtenda mmoja, au nomino mbili tu, na asiyeangalia inaunganisha nini hukosea hesabu. Zana hiyohiyo huhamishiwa kwenye ufahamu. Sentensi ndefu ya mistari minne huwekewa mabano kuzunguka kila kishazi tegemezi, yanayobaki nje ya mabano ni mtenda, kitenzi na mtendwa, ndipo nyama hurudishwa kipande kwa kipande.

Kwenye msamiati mambo hayakunyooka hivyo. Mwongozo wa mtaala wa sekondari ya juu wa mwaka 2017, uliorekebishwa 2020, unamtaka anayelenga chuo kikuu ajue maneno yapatayo 3,000: kama 1,500 aliyotoka nayo sekondari ya chini, 500 ya lazima, na 1,000 ya hatua inayofuata. Kabla yake ilizoeleka orodha ya maneno 3,500, na vitabu vyenye namba hiyo kwenye jalada bado vimejaa madukani. Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, shule nyingi huwa na kisomo cha sauti. Wanafunzi husimama, kila mmoja na kitabu chake, wote wanasoma kwa nguvu kwa wakati mmoja. Baadaye huja imla: mwalimu hutaja maana kwa Kichina, mwanafunzi huandika neno la Kiingereza bila kukosea herufi.

Kasoro ya kwanza ya orodha ni mpangilio wa alfabeti. Huweka jirani maneno yanayofanana sura, kama adapt na adopt, na kichwa kinachoyameza pamoja huyatapika pamoja. Wachapishaji walilijua tatizo, wakaanza kuuza matoleo yaliyochanganywa mpangilio. Nyuma ya vitabu hivyo utakuta jedwali la kurudia: siku ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba, ya kumi na tano, limepewa jina la Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Ratiba hiyo haimo katika kitabu chake. Wazo la kurudia kwa vipindi vinavyorefuka, hata hivyo, lina msingi, na jedwali la karatasi limedumu zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Programu za simu kama Baicizhan, inayofunga kila neno na picha, zinapendwa sana, lakini Januari 2021 Wizara ya Elimu ilielekeza kwamba simu, kimsingi, zisiingie shuleni. Siku za masomo kitabu kikarudi kuwa mfalme.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Orodha humpa neno maana moja ya Kichina, na watunga mtihani wanalijua hilo. Cover kwenye orodha ni kufunika. Kwenye kifungu, mwandishi wa habari anacover uchaguzi, na mtembeaji anacover kilomita kumi kwa siku. Address ni anwani mpaka pale mtu anapoaddress tatizo. Maneno haya yanayofahamika sura na kugeuka tabia ndiyo yanayowaangusha wanafunzi wazuri, si yale magumu. Zoezi la kuchagua neno katika hadithi, lenye mapengo 15, limetegwa kwa makusudi: majibu manne huwa ya aina moja na umbo moja, vitenzi vyote vya wakati uliopita, kwa mfano, hivyo hesabu ya sarufi haisaidii kitu. Hapo husaidia kufuata kisa tu: nani amekasirika, kwa nini, na mstari wa chini unasema nini.

Kilichoboresha msamiati, kwa maoni yangu, ni vitu viwili. Cha kwanza ni kufundisha familia ya neno badala ya neno: act, active, activity, actor, react, interaction. Mwanafunzi anayejua viambishi hivyo anaweza kugeuza success kuwa successfully ndani ya pengo, na hilo huulizwa mara kwa mara. Cha pili ni mabadiliko ya mtihani wenyewe. Maswali ya zamani ya kuchagua jibu la sarufi katika sentensi iliyosimama peke yake yameondoka katika karatasi za taifa. Oktoba 2016 mkoa wa Zhejiang ulianza swali la kuendeleza hadithi, na baadaye likaenea katika karatasi mpya za taifa. Mtahiniwa hupewa kisa kilichokatwa katikati na sentensi mbili za kufungulia aya mbili, akimalizie kwa maneno kama 150. Alama 25. Neno lililokaririwa bila kutumiwa halina faida hapo.

Lakini nguvu ya kukariri haifi kirahisi. Vituo vya mazoezi vilikuja na akiba ya sentensi tayari: machozi yanamlengalenga mhusika, moyo unamwenda mbio, mwanga wa jua unapenya dirishani mwishoni. Ukisoma insha za mfano mfululizo utadhani vijana wote wa China hulia jua likichomoza. Kando yake kuna swali la barua fupi, alama 15, ambamo mtahiniwa huambiwa ajifanye Li Hua, mwanafunzi anayemwandikia rafiki wa kigeni. Li Hua amekuwa akiandika barua hizo tangu miaka ya 1990 na bado hajamaliza shule.

Mwandiko nao ni sehemu ya mbinu. Majibu huskaniwa na kusahihishwa kwenye kioo cha kompyuta, na insha moja hupitiwa na walimu wawili, kila mmoja asijue alama aliyotoa mwenzake. Macho yao yamechoka. Kwa hiyo ulienea mwandiko unaohusishwa na Sekondari ya Hengshui, mkoani Hebei: herufi za duara, zimesimama wima, nafasi sawa, karibu zifanane na chapa. Wapo wanaoubeza. Msahihishaji aliye katika saa yake ya sita ya kazi hawezi kuubeza.

Ningeulizwa ni kitu gani kimoja kinachoshikilia mfumo huu wote, ningetaja daftari la makosa. Kila swali alilokosa, mwanafunzi hulinakili au hulikata na kulibandika, akaandika jibu sahihi na, muhimu zaidi, aina ya kosa: alihesabu vitenzi vibaya, hakuona kauli ya kutendwa, alijua maana moja tu ya neno. Baada ya muhula, daftari humwonyesha kwamba makosa yake yote ni ya aina chache zinazojirudia, na marudio ya mwaka wa tatu hufanywa kutoka humo.

Mfumo huu huzaa msomaji hodari na mwandishi wa kadiri. Msemaji hauzai, kwa sababu kwa kawaida haumpimi. Zipo tofauti: Guangdong inahesabu alama za mtihani wa kusikiliza na kusema, na Beijing tangu 2021 imetenga alama 50 kati ya 150 kwa kusikiliza na kuzungumza mbele ya kompyuta. Katika mikoa mingi iliyobaki, kijana anaweza kuingia chuo kikuu bora bila alama yake hata moja kutokana na kufungua mdomo. Mwalimu wa Kiingereza wa Morogoro au Kisumu achukue hesabu ya vitenzi na daftari la makosa, vyote havina gharama. Orodha ya maneno 3,000 aiache hukohuko.